Daftari la Ngozi

Usiku wa Idi, saa tano, Natore.
Wavulana wa madrasa wamerudi na mikokoteni,
kanzu zao nyeupe za asubuhi
sasa zina ramani za damu.
Mimi ndiye mshika daftari. Naandika:
ng'ombe, mia na kumi na mbili;
mbuzi, arobaini;
mmoja ni beberu mweusi wa mjane Jobeda,
aliyemfunika uso kwa ushungi wake asione kisu.

Nyama imegawanywa mafungu matatu.
Thawabu imepanda ilikopanda.
Ngozi ndiyo iliyobaki huku chini,
nzito, yenye joto bado,
na ndani yake mmekunjwa mchele wa mwaka mzima,
umeme, mishahara ya walimu sita,
na miwani ya yule mtoto Tozammel
asomaye msahafu kwa kuugusisha pua.

Chumvi, wanangu, chumvi!
Ngozi haijui sikukuu.
Tumekopa magunia tisa kwa Mokhlesur.
Alisema, "Kwa madrasa sitozi riba,"
kisha akapandisha bei ya gunia.

Asubuhi ile, kwenye uwanja wa sala,
mheshimiwa alishika kipaza sauti akatwambia
sisi ni taifa la waumini.
Tukaitikia amina. Ni kweli.
Hakusema ngozi ni pesa ngapi.

Lori la Dhaka likaja kesho yake adhuhuri,
Mashaallah imeandikwa juu ya kioo.
Dalali hakushuka. Alitoa mkono dirishani,
mkono wenye tasbihi,
akaonyesha vidole:
ng'ombe mzima kwa bei ya vikombe vichache vya chai,
mbuzi bure, nikimsaidia kupakia.
Viwanda vimejaa, alisema.
Wanunuzi wa Ulaya wameuliza maji machafu yanakwenda wapi
na hakuna aliyekuwa na jibu.
"Lakini ngozi hizi ni za kurbani," nikasema.
"Kiatu hakina kibla, maulana."

Nikapiga hesabu. Chumvi peke yake inazidi.
Za ng'ombe nikauza.
Niliuza kwa sababu ya inzi,
sikuuza kwa sababu ya bei,
na nataka hilo lijulikane.

Za mbuzi tukaanza kuzichimbia shimo
nyuma ya vyoo, penye migomba.
Nahiduzzaman, mwenye miaka tisa, akauliza
sadaka ikizikwa inakuwa ya nani.
Mwalimu wake akamwambia ashike sepetu.

Ndipo akaja Nirapad, fundi ngoma wa ng'ambo ya mto.
Alivua viatu mbali, langoni,
ingawa hakuna aliyemwambia avue.
Akazipapasa moja moja, akazinusa,
akaziinua kwenye jua kutafuta kovu.
Akachagua kumi na moja,
akalipa bei ya mwaka juzi,
noti zimekunjwa ndogo ndogo kama hirizi.
Nikamwambia, haki ya Mungu nilimwambia, soko limeanguka.
Akasema, "Soko silijui. Namjua mbuzi."

Jioni walimu wakanizunguka.
Ngoma? Za kumpigia yule mwenye mikono kumi?
Mmoja alitaka fedha zirudishwe.
Mwingine alitaka fatwa kutoka mjini.
Wa tatu, aliyekuwa ameulizia bei ya miwani,
alinyamaza, akachezea ndevu.
Nikafungua daftari. Kuna safu ya mnunuzi,
safu ya idadi, safu ya malipo.
Nikatafuta safu nyingine, sikuiona.
Nirapad, kumi na moja, amelipa.

Sasa ni Oktoba. Usiku mto unatuletea mshindo.
Wavulana wanahifadhi sura wakiyumba,
na kuyumba kwao kumeufuata mdundo
bila wao kujua. Siwakatazi.
Tozammel amekaa wima, msahafu uko mbali na pua.
Bado tunadaiwa magunia manne ya chumvi.
Nami, astaghfirullahi, nimezima taa ya ofisi
niko dirishani, nasikiliza moja moja,
nikimtafuta beberu mweusi wa Jobeda.